Kidole Gumba cha Dokta Rashmi

Bi Raya alizuiwa getini kwa sababu ya mbuzi, ile ya kukunia nazi. Alikuwa amekikunja kibao chake na kukificha kikapuni chini ya khanga, pamoja na nazi moja iliyokwisha kuvunjwa, lakini ulimi wa chuma ulitokeza na mlinzi akauona. Akasema kitu chenye meno namna hiyo hakiingii hospitali. Bi Raya akamjibu kwamba hospitali hiyo hiyo ilimkata goti kwa msumeno, basi wasianze leo kuogopa meno. Mlinzi akampisha apite na fimbo yake.

Hayo Dokta Rashmi alikuja kuyasikia baadaye. Wakati huo alikuwa chumba namba nne, mgonjwa wa kumi na tisa mbele yake, na wengine thelathini na kitu wamejipanga kwenye mabenchi ya nje wakijipepea kwa faili zao. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, binti wa Mansukh fundi cherehani, mzaliwa wa Morogoro hapa hapa, na kwa miaka kumi na miwili magoti mabovu ya mjini na ya milimani yalikuwa yakiishia mikononi mwake. Uchovu wake haukuwa ule wa kulala ukaamka umekwisha. Alilala nao, akaamka nao, akapiga nao mswaki.

Muuguzi alipoita jina la Bi Raya, Rashmi aliguna kimoyomoyo. Huyu alikuwa anakuja mara ya tatu kwa jambo lile lile.

Miaka miwili nyuma alimwekea bibi huyo goti la bandia, mguu wa kulia. Kidonda kilipona vizuri, maumivu ya zamani yakaisha, na kwa miezi michache Bi Raya akawa anawaonyesha majirani mshono wake kule Mwembesongo, alikoishi kwa bintiye Shadia. Kisha likaanza hili la pia. Pia ya goti, kile kifupa cha mviringo kinachokaa mbele, ilikuwa inahama. Kila akilikunja goti sana, inateleza kwenda upande wa nje, mguu unaisha nguvu hapo hapo, na yeye chini.

Mara ya kwanza alipokuja kulalamika, Rashmi alimlaza kitandani, akalikunja goti, akalikunjua, akaliangalia huku na huku. Goti likatulia kwa adabu zote. Picha ya eksirei ikaonyesha chuma kimekaa. Akamwandikia mazoezi ya paja na kumwambia avumilie. Mara ya pili alikuja na Shadia, na Shadia ndiye aliyesema kila kitu: kwamba mama haambiliki, kwamba amekatazwa viti vya chini lakini kila alfajiri anakaa kwenye mbuzi kuwakunia nazi wateja wa wali pale kibandani kwao, na akiambiwa anajibu kwamba mikono yake haijafanyiwa upasuaji. Rashmi alimgombeza Bi Raya kidogo, si sana, kama mtu anavyomgombeza mama wa watu. Kisha akaandika kwenye faili kwa mwandiko wake mwenyewe: Mgonjwa hafuati masharti. Jioni ile ile Shadia aliigawa mbuzi ya mama yake kwa jirani.

Kwa hiyo mbuzi iliyoingia chumba namba nne siku hiyo ilikuwa ya kuazima. Bi Raya alitandika khanga sakafuni, akaifungua mbuzi, akaiweka sawasawa. Shadia hakuwepo, alikuwa ameachwa kibandani bila kuambiwa. Rashmi akafungua mdomo kusema kwamba walishayamaliza mambo ya mbuzi.

"Chuchumaa hapa, mwanangu," Bi Raya akasema. "Mara moja tu. Halafu sitakusumbua tena."

Rashmi aliangalia saa, akaangalia mlango, akachuchumaa. Magoti yake mwenyewe yalilia. Bi Raya alivuta gauni hadi juu ya goti, akashuka taratibu huku ameegemea meza, akakaa, mguu huku na mguu huku, akashika kifuu kwa mikono miwili na kuanza kukuna. Mara ya kwanza, ya pili. Ya tatu alipojisogeza mbele kidogo kupata nguvu, Rashmi aliiona pia ikihama chini ya ngozi, ikaponyoka kama kipande cha sabuni mkononi, ikaenda kusimama pembeni mwa goti mahali pasipo pake.

Bi Raya hakulia wala hakukunja uso. Aliweka kifuu chini, akanyoosha mguu kidogo, akaisukuma pia kwa kiganja hadi ikarudi, kisha akaipapasa mara mbili kuhakikisha imekaa. Aliyafanya hayo haraka na bila kuangalia, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yake. Ni wepesi huo uliomchoma Rashmi. Mkono haufiki hapo kwa siku mbili tatu. Huo ulikuwa mkono wa miaka miwili.

Bibi akaeleza, akiwa bado pale chini, kwa nini alirudi ingawa alishaapa harudi. Mwezi uliopita dada yake alifariki kwao, milimani huko juu ya Matombo. Kupanda alipandishwa kwa kushikwa mikono. Kushuka kutoka makaburini goti lilimtoka mara tatu, na mara ya nne akaona yatosha, akakaa kwenye matope akateremka kwa makalio hadi barabarani, mbele ya wakwe na wajukuu na watu wa ukoo mzima. Hakuna aliyecheka. Kama wangecheka, alisema, angeona nafuu.

Rashmi alimwinua kwa mikono yake mwenyewe, akamwagizia kipimo cha CT, kile kinachoukata mguu vipande vipande kwenye picha na kuonyesha chuma kimeelekea wapi. Ilibidi bibi apelekwe Dar. Majibu yalichukua wiki tatu, na katika wiki hizo Rashmi aliendelea na kazi kama kawaida, lakini kila alipoweka chuma kwenye goti la mtu alikuwa akikipima mara mbili.

Picha zilifika Alhamisi mchana. Alifunga mlango, akafungua kompyuta, akapima. Kisahani cha chuma kinachokaa juu ya mfupa wa muundi kilikuwa kimegeukia ndani kwa digrii kumi na nane. Akafuta, akapima tena, akapata kumi na nane ile ile. Kisahani kikigeukia ndani namna hiyo, kila goti linapokunjwa pia inavutwa nje, na hakuna mazoezi ya paja duniani yatakayoibakiza mahali pake.

Namna kosa lilivyoingia aliielewa kabla hajasimama. Mguu wa kulia wa Bi Raya unatazama ndani. Akiwa msichana wa miaka tisa, aliteleza na mkungu wa ndizi kichwani, akavunja muundi karibu na kifundo, mzee mmoja wa kijijini akamfunga kwa vijiti, mfupa ukaunga lakini wayo ukabaki unachungulia upande wa pili. Bibi aliwahi kumsimulia siku ya kwanza kabisa, naye akaitikia huku anaandika kitu kingine. Kisha siku ya upasuaji, mguu ukiwa umefunikwa kwa mashuka ya kijani na wayo tu ndio uliokuwa unaonekana, Rashmi alikielekeza kisahani kwa kuufuata wayo, kama alivyozoea kwa watu ambao nyayo zao zinatazama mbele. Kwa mtu mwingine pengine ingekuwa salama.

Hilo angeweza kujisamehe. Lililomfanya akae pale hadi chai ikapoa ni kidole gumba.

Kabla goti la bandia halijashonwa kuna jaribio la mwisho, na jaribio hilo lina sharti moja tu: goti likunjwe bila mtu kuishika pia. Ikienda na kurudi kwenye mfereji wake yenyewe, kazi imeisha. Ikitaka kutoka, kuna kitu hakiko sawa, itafutwe sababu. Anayeisaidia kwa kidole anajidanganya mwenyewe, kwa maana mgonjwa hatatembea mjini na kidole cha daktari juu ya goti. Rashmi alikuwa amewafundisha jambo hilo madaktari vijana zaidi ya kumi, tena kwa ukali.

Siku ya Bi Raya ilikuwa upasuaji wa tano tangu asubuhi. Saa kumi jioni, jenereta linanguruma nje, mgongo unamuuma. Alilikunja goti na pia ikainama upande wa nje, si sana, kama mtu anayesinzia kwenye kiti. Naye akaweka kidole gumba. Akalikunja tena, pia ikatulia chini ya kidole, akasema inakwenda vizuri, akaomba uzi. Aliyakumbuka maneno hayo yote mawili, inakwenda vizuri, na sauti aliyoyasemea.

Sasa kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni ndogo: kulegeza nyama za upande wa nje zinazovuta, kukaza za upande wa ndani, kushona. Saa moja, kovu juu ya kovu, na hakuna mtu ambaye angeuliza kisahani kimeelekea wapi. Pengine ingeshika mwaka mmoja. Na faili lilikuwa tayari na sababu, kwa mwandiko wake: hafuati masharti. Ya pili ni kufungua goti lote, kung'oa kisahani pamoja na saruji iliyokigandisha bila kuvunja mfupa, kuagiza kingine, kukielekeza inavyotakiwa, ndipo nyama zilegezwe na kukazwa. Kazi hiyo haifichiki. Lazima mtu aelezwe kwa nini.

Ijumaa akiwa ananawa mikono na Dominiko, muuguzi wake wa chumba cha upasuaji kwa miaka tisa, alimgusia juujuu, kama anayeuliza hali ya hewa. Alisema kuna goti moja anafikiria alitengeneze kwa nyama tu. Dominiko akauliza la nani. Alipotajiwa jina aliendelea kusugua kucha zake kwa muda.

"Dokta, kile kidole mimi nilikiona," akasema. "Nilinyamaza. Na mimi nilikuwa nataka kwenda nyumbani."



Jumapili Rashmi hakwenda kula kwa baba yake, akasingizia mafua. Si kwamba angemweleza mzee habari za kazini, hakuwahi. Ila kuingia tu mle sebuleni mwenye cherehani la miguu lililofunikwa kitambaa kulitosha. Mansukh alishona miaka arobaini karibu na soko, na alikuwa na tabia moja ambayo wateja waliichukia. Nguo ikirudishwa ina kasoro, hakuipokea akamwambia mtu aje kesho. Alimkalisha kwenye benchi, akatoa wembe, akaifumua mbele yake, uzi mmoja mmoja, huku anamwonyesha: hapa nilikata vibaya, hapa nilivuta. Watu walimsihi afumue wakiwa hawapo, wana shughuli zao. Alikataa. Alisema fundi akifumua uani anajifunza kuficha, hajifunzi kushona. Rashmi akiwa mtoto aliona aibu sana, alikuwa akijificha nyuma ya majora ya vitambaa hadi mteja aondoke.

Kwa hiyo alijua sebule ile itamwambia nini, akabaki kwake akala mkate.

Jumanne Bi Raya na Shadia waliketi mbele yake chumba namba nne. Rashmi alimpa bibi shikamoo, akafunga mlango, akageuza kompyuta ili waone picha ingawa alijua hawataona chochote humo. Alianza vizuri, kwa Kiswahili cha daktari. Akasema kipimo kimeonyesha kwamba kisahani cha chuma kimegeuka, na kugeuka huko ndiko kunakoivuta pia, na kwamba mambo haya hutokea.

"Kimegeuka chenyewe?" Bi Raya akauliza.

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama anayetaka kujua tu, na amechoka kuuliza. Rashmi alitazama mikono yake juu ya meza, akaona hana pa kwenda.

"Hapana, mama. Nilikiweka hivyo mimi." Akaendelea kwa haraka kabla ujasiri haujamwisha. Akaeleza habari ya wayo na mkungu wa ndizi, akaeleza jaribio la mwisho na sharti lake, akaeleza kidole gumba. Alikiinua kidole chenyewe wakakiona. Akasema siku ile pia ilimwonyesha mapema kabisa kwamba kuna kosa, naye akaikandamiza ili asilione, kwa kuwa alikuwa amechoka.

Nje mtu alikuwa anabishana kuhusu foleni. Shadia alikuwa wa kwanza kusogea. Alishika kingo za mtandio wake akaanza kuukunja na kuukunjua.

"Kwa hiyo si mbuzi," Bi Raya akasema.

"Si mbuzi, mama."

"Mwambie huyu."

Rashmi akamgeukia Shadia na kumwambia waziwazi kwamba mama yake hakujiharibia goti, kwamba hata angekaa kwenye makochi miaka yote miwili lingemtoka tu, na kwamba yale aliyoyaandika kwenye faili yalikuwa uongo ambao hakujua ni uongo. Akalichukua faili mbele yao, akapiga mstari juu ya maneno yale, akaandika juu yake lililo kweli, akaweka sahihi. Shadia alilia. Alisema mbuzi ya mama aliigawa, na jikoni kwenyewe akamkataza, na kila bibi alipoanguka alimuuliza umekalia nini tena. Bi Raya alimwacha alie. Hakumbembeleza, maana na yeye alikuwa na yake.

Kisha Rashmi akatoa barua aliyokuwa ameiandaa. Kuna daktari mwenzake Dar, mzuri, anaweza kuifanya kazi hiyo; hakuna atakayemlaumu bibi akitaka mikono mingine. Alisema yeye mwenyewe angemwelewa kabisa. Bi Raya aliipokea barua kwa mikono miwili, akaigeuza huku na huku, akairudisha mezani.

"Huyo nitaanza kumweleza upya. Wayo, mkungu, matope, mbuzi." Akavuta pumzi. "Nimechoka kueleza, mwanangu. Wewe umeshajua."

Rashmi alisubiri neno la kusamehewa, na halikuja. Badala yake bibi alitoa masharti, na safari hii Rashmi ndiye aliyeyaandika. La kwanza, hataki dawa ya kumsinzisha. Ile ganzi ya mgongoni inatosha, atakaa macho mwanzo mpaka mwisho. La pili, ikifika pale kwenye jaribio aambiwe. La tatu hakulisema kwa maneno. Alikitazama tu kile kidole gumba, na Rashmi akakificha ndani ya ngumi bila kukusudia.

Vyuma vilichukua miezi miwili kufika. Siku yenyewe Rashmi aliandika jina moja tu kwenye orodha, na wakubwa walipouliza kwa nini chumba kizima kitumike kwa goti moja alisema ndivyo itakavyokuwa. Asubuhi mawingu yalikuwa yameufunika Uluguru hadi kiunoni. Bi Raya aliingizwa amevaa kofia ya kitambaa, akawasalimia wote mmoja mmoja, akachomwa sindano ya mgongo, akafunikwa. Kati ya uso wake na goti lake wakatundika pazia la kijani, naye akabaki upande wa pili akitazama taa.

Kufungua kulikuwa rahisi. Kung'oa kisahani kulikuwa mateso. Saruji ya mifupa ikishakauka haina huruma, na Rashmi alikwenda nayo kwa patasi nyembamba, punje kwa punje, jasho likimtoka chini ya kofia, huku Dominiko akishika mguu. Saa moja na nusu ilipita. Kisahani kilipotoka alikiweka kwenye trei, kikatoa mlio mdogo.

"Ndicho hicho?" sauti ya Bi Raya ikauliza kutoka ng'ambo.

"Ndicho, mama."

"Kilikuwa kimepinda kweli?"

"Kilikuwa kimepinda kweli."

Rashmi alitafuta mwelekeo mpya, na safari hii wayo wa mgonjwa ulifungwa ndani ya soksi nene ili usimdanganye mtu. Alipima kwa kutumia mfupa wenyewe, pale chini ya goti ambapo kano ya pia inashikilia. Akapima, Dominiko akapima, wakakubaliana. Kisahani kipya kikaingia na saruji mpya, wakasubiri ikauke. Kisha wakalegeza ule mpira uliokaza paja kuzuia damu, maana ukikaza unaivuta nyama na jaribio linakuwa la uongo.

Saa tatu zilikuwa zimekwisha. Mgongo ulikuwa umerudia kumuuma pale pale pa siku zote. Akamwambia bibi kwamba sasa wanajaribu, akalikunja goti taratibu. Pia ikaanza safari yake kwenye mfereji, ikafika nusu, ikainama upande wa nje. Kidogo. Kidogo sana kuliko ile ya kwanza. Mtu asiyejua asingeiona. Na kidole gumba cha Rashmi kikanyanyuka chenyewe, kikasogea.

Dominiko alikitazama tu.

"Tumemaliza?" Bi Raya akauliza.

Rashmi alikirudisha kidole. Alitamani kuketi chini sakafuni, hapo hapo, aegemee ukuta. "Bado, mama. Imeinama kidogo. Nyama za nje zimezoea kuivuta, nazilegeza."

"Legeza. Mimi siendi popote."

Akalegeza, kwa mkato mrefu wa uangalifu, akazuia damu, akahamia ndani na kukaza kule kulikochakaa kwa miaka miwili ya kuvutwa, mshono baada ya mshono. Ikamchukua dakika arobaini nyingine. Alipomaliza alibadilisha glovu, akarudi nyuma hatua moja, akamwambia Dominiko akunje yeye.

"Bi Raya, sasa," akasema. "Goti linakunjwa."

"Umelishika?"

"Sijalishika."

"Siioni mikono yako."

Rashmi alisogea kichwani mwa meza kidogo, akainua mikono yote miwili juu ya pazia, vidole vimetawanyika, glovu mpya zikimeta chini ya taa. Dominiko akanong'ona kwamba itabidi azibadilishe tena. Akalikunja goti. Pia ikashuka kwenye mfereji wake hadi mwisho, ikarudi, hakuna aliyeigusa. Akalikunja tena, na mara ya tatu, zaidi ya pale ambapo mbuzi ingehitaji.

Bi Raya hakuuliza goti linakwendaje. Alikuwa anaitazama ile mikono hewani, na midomo yake inacheza. Alikuwa anahesabu vidole, kwa Kiluguru, polepole, kimoja kimoja, kuanzia mkono wa kulia. Mabega ya Rashmi yalikuwa yanamuuma, lakini hakuishusha mikono. Vile vidole gumba viwili bibi alivihesabu mara ya pili.

"Haya," akasema. "Shona."